Nimepimwa "ioni za damu" stendi, nikaambiwa moyo wangu uko hatarini. Ni sayansi au nimepigwa?

Dereva_wa_Nyanda

Wakuu, za jioni. Naombeni mawazo yenu maana tangu juzi sina raha.

Nina miaka 41, naendesha lori la mizigo Dar mpaka Tunduma. Siumwi kitu. Pombe sinywi, sigara niliacha 2016, mwili wa kawaida ila kuna kitambi kidogo cha usukani. Juzi nimeegesha kwenye mji mmoja njiani, pale stendi nikakuta hema, vijana wamevaa makoti meupe wanapima "mwili mzima" kwa elfu kumi na tano. Unashika chuma mkononi, chuma kina waya, waya umeingia kwenye kompyuta. Dakika mbili tu karatasi inatoka, kurasa nane. Ini zuri, figo nzuri, nguvu za kiume wastani (hapo nikacheka). Ukurasa wa sita: "Usafirishaji wa ioni kwenye chembe nyekundu za damu: HAFIFU. Hatari ya moyo na mishipa: KUBWA." Na hapo hapo dozi ya vidonge vya miezi mitatu, laki moja na themanini.

Sikununua, sikuwa nazo. Lakini usiku nikaingia mtandaoni, nikakuta hayo maneno yapo kweli. Kuna watafiti wa Italia na Marekani wamepima chembe nyekundu za watu wazima wenye afya zao, wanazungumzia sodiamu, lithiamu na presha. Sasa ndiyo nimechanganyikiwa kabisa. Kama ni utapeli, mbona sayansi yake ipo? Na kama ni sayansi, mbona imekaa stendi?

Mbishi_wa_Buguruni

Umepigwa. Msimamizi funga uzi.

Mama_Tatu

Pole kaka. Mume wangu alishikishwa hicho hicho chuma, karatasi ikasema mfuko wake wa uzazi una uvimbe mdogo. Baba wa watoto wanne.

Fundi_Hadubini

Msimamizi asifunge kwanza. Niko maabara mwaka wa 22 huu, hospitali ya wilaya, na swali la mleta uzi ni zuri kuliko anavyodhani.

Karatasi uliyopewa ni uongo. Ila kipimo kilichotajwa kwenye hiyo karatasi ni cha kweli, wamekiiba jina tu. Wewe hukutolewa hata tone la damu. Chembe nyekundu ina upana wa mikroni 7 hivi mpaka 8, na kinachopimwa kiko ndani yake. Chuma cha kushika mkononi kinajua jasho la kiganja chako, basi.

Sasa kile cha kweli. Ioni ni punje ndogo sana zenye chaji ya umeme, kama sodiamu na potasiamu zilizo kwenye damu. Chembe nyekundu inaishi siku kama 120. Haina kiini wala mitokondria, nguvu zake zote inazipata kwa kuvunja glukosi kidogo kidogo. Imezungukwa na plazma, yaani maji ya damu, yenye sodiamu nyingi, karibu milimoli 140 kwa lita, na potasiamu kidogo, kama 4. Ndani yake mambo ni kinyume: sodiamu kama 10, potasiamu karibu 100. Utando wake si ukuta wa zege, unavuja. Sodiamu inapenya kuingia, potasiamu inapenya kutoka, saa zote, mchana na usiku. Kinachozuia pande mbili zisilingane ni pampu zilizopachikwa kwenye utando. Kila pampu ikitumia punje moja ya nishati (ATP) inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Mdenmaki mmoja, Jens Skou, ndiye aliyekikamata kimeng'enya chake mwaka 1957 akifanya kazi na mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani. Akaja kupewa Nobel mwaka 1997, miaka arobaini baadaye.

Nahodha_wa_Kizimkazi

Kumbe ni mambo ya chombo. Jahazi lolote la mbao linavuja, hata lililokalafatiwa vizuri. Kuna mtu kazi yake kukaa ngamani na upo anafua maji. Huyo mtu akisinzia ndiyo mtajua kama chombo ni kizima au la.

Fundi_Hadubini

Nahodha umenisaidia kufundisha. Na mimi nimewahi kuuona usingizi wenyewe. Kuna mwaka tulipokea sampuli tatu kutoka zahanati ya mbali, zimelala usiku kucha kwenye kisanduku cha barafu, damu nzima, haijatenganishwa. Mgonjwa wa kwanza potasiamu 7.2, wa pili 6.9, wa tatu 7.5. Kwa namba hizo moyo unaweza kusimama. Daktari wa zamu ameshapiga simu, gari la wagonjwa linatafutwa. Huko zahanati wanaulizwa hali, wanasema mama mmoja yuko nje anasuka ukili, anauliza ataruhusiwa saa ngapi.

Kilichotokea ni kwamba baridi ililaza pampu. Chembe zikaendelea kuvuja na hapakuwa na wa kufua maji, potasiamu ikamwagikia kwenye plazma. Tukachukua damu upya, tukatenganisha palepale: 4.1, 4.4, 3.9. Ndiyo maana hata damu ya benki, inayokaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 6, potasiamu ya nje yake inapanda kila siku inayopita. Tangu siku hiyo sampuli ya potasiamu ikija kwangu imelala kwenye barafu naitupa bila kuuliza ya nani.

MtoWaSabaki

Nipo Malindi. Umegusa pampu, sasa nikuulize: ni kweli kuwa sumu ya mishale ya wazee wetu inafanya kazi hapo hapo kwenye hiyo pampu? Niliwahi kusikia kwa mwalimu wa bayolojia nikadhani ananogesha somo.

Fundi_Hadubini

Kweli tupu. Mti ni msunguti. Ndani yake kuna kitu kinaitwa wabaini, jina limetoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mshale, *waabaayo*. Mfaransa Arnaud alikitenga mwaka 1888. Halafu mwaka 1953 Mswisi Hans Schatzmann akaonyesha kwamba dawa za jamii hiyo zinasimamisha usafirishaji wa sodiamu na potasiamu, na alionyesha kwa kutumia nini? Chembe nyekundu za damu. Pampu ilikuwa haijapata hata jina.

MtoWaSabaki

Basi niweke na mimi langu. Babu yangu Mgiriama, lakini kwa sumu alikuwa anawavulia kofia Wawaata, hao waliokuwa wakiangusha ndovu kule Tsavo kwa upinde mmoja. Sumu inapikwa mpaka inakuwa nyeusi kama lami, inapakwa kwenye chembe ya mshale, kisha inaviringishwa ngozi nyembamba isikauke. (Angalieni Kiswahili hicho: chembe ya mshale, chembe ya damu.) Mnyama akipigwa hafiki mbali. Na nyama inaliwa, hakuna anayekufa. Hilo nilikuwa silielewi tangu utoto.

Fundi_Hadubini

Kwa sababu ukiimeza, tumbo linaichukua kidogo sana. Ikiingia kwenye damu moja kwa moja ndiyo balaa: pampu za msuli wa moyo zinasimama, sodiamu inajaa ndani, kalsiamu inafuata, moyo unapoteza mwendo. Kuna panya mmoja wa manyoya marefu huku Afrika Mashariki anatafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni, mbwa akimng'ata anaumia. Lilitangazwa mwaka 2011, ingawa wenyeji walishajua mbwa wao wanakufa na nini.

Nimelileta si kwa hadithi tu. Hicho wabaini ndicho kinachotumika maabara kwenye kipimo ambacho mleta uzi amekiona mtandaoni. Unaizima pampu kwanza kwa sumu ya mshale, ili uone njia nyingine za ioni zinafanya nini zenyewe.

Dereva_wa_Nyanda

Mkuu nakufuata, niko Makambako nimelala. Weka nyama. Hiyo lithiamu inaingiaje?

Fundi_Hadubini

Tuendelee.

Mbali na pampu, utando una milango mingine. Mmoja unabadilishana: sodiamu moja kwa lithiamu moja, huyu anaingia yule anatoka, bila kutumia nishati. Kwenye damu ya kawaida lithiamu ni kama haipo, kwa hiyo mwilini mlango huo kazi yake hasa si lithiamu. Lakini kwa sababu haipo, ukiingiza kidogo unaweza kuifuatilia kama mgeni mwenye kanzu nyekundu kwenye msiba. Watu wa magonjwa ya akili ndio walioanza kuiona ikipita hapo, maana wagonjwa wao walikuwa wanatumia dawa ya lithiamu.

Utaratibu: unachukua damu, unaosha chembe, unazilisha lithiamu kwa saa kadhaa, unaosha tena. Unazigawa mafungu mawili, yote na wabaini. Fungu moja kwenye maji yenye sodiamu, jingine kwenye maji yasiyo na sodiamu. Unapima lithiamu iliyotoka kila upande kwa mashine ya kusoma mwanga wa atomu. Tofauti ya mafungu hayo mawili ndiyo kasi ya ule mlango. Mtu mmoja, karibu siku nzima ya kazi.

Mwaka 1980 kundi la Mitzy Canessa na Daniel Tosteson, Boston, walichapisha kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani. Wagonjwa 36 wenye presha isiyo na chanzo kinachojulikana, na watu 26 wasio nayo. Wasio na presha kasi ilikuwa wastani 0.24, wenye presha 0.55, kwa milimoli kwa lita moja ya chembe kwa saa. Zaidi ya mara mbili. Wale ambao presha yao ilitokana na ugonjwa mwingine unaojulikana, kasi yao ilikuwa ya kawaida. Na ndugu wa damu wa wenye presha wakaonekana nao wako juu.

Sasa vaeni viatu vya watafiti wa enzi hiyo. Presha inakaa kwenye figo na kwenye msuli wa ateri. Huwezi kumkata mtu mzima kipande cha figo eti unachunguza. Lakini damu kila mtu atakupa. Kama kasoro ya utando inarithiwa, na utando wa chembe nyekundu unafanana na wa figo, basi una dirisha. Ulimwengu wa presha ulichangamka. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye presha ya kawaida kabisa angeweza kuambiwa kabla: wewe zamu yako inakuja.

Mbishi_wa_Buguruni

Sasa mbona mimi nikienda hospitali sipimwi hicho? Wametuficha?

Nesi_wa_Zamu

Hahaha, Mbishi, si ulitaka uzi ufungwe wewe.

Fundi_Hadubini

Hawajaficha. Kipimo kilitoka maabara kikaenda mitaani, na mitaani ndiko kilikokutana na maisha.

Mji wa Gubbio, Italia ya kati. Kuanzia 1983 watafiti waliwapima wakazi wa mji kwa maelfu, si wagonjwa, watu wa kawaida waliokuwa wakienda sokoni na kanisani. Kasi ya ule mlango ilipanda pamoja na presha, ndiyo. Lakini ilipanda pia pamoja na uzito. Wanaume walikuwa juu kuliko wanawake. Sehemu nyingine wakaona inaambatana na mafuta ya damu: trigliseridi zikiwa juu na ile kolesteroli nzuri ikiwa chini. Na inaambatana na mwili kutoisikia insulini vizuri. Mwaka 1988 makundi mawili yakaonyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zimeanza kuharibika, kasi yao iko juu kuliko wenzao ambao figo ni salama.

Kwa Gubbio, waliporudi baada ya miaka, wale waliokuwa na kasi kubwa mwanzoni wakiwa na presha nzuri ndio waliopata presha zaidi. Wafanyakazi wa kiwanda cha Olivetti karibu na Napoli, habari ikawa hiyo hiyo. Kwa hiyo dirisha halikuwa la uongo.

Shida ni hii. Wastani wa makundi unatofautiana, lakini watu wanaingiliana. Ukichukua mwenye presha na asiye nayo ukaweka majibu yao mezani bila majina, huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Maabara moja na nyingine hazikupata namba zinazolingana. Na nani atalipia siku nzima ya kazi kuambiwa kwamba una kitambi, mafuta ya damu yako juu na baba yako alikuwa na presha, wakati mkanda wa nguo, sirinji moja na swali moja vinatoa jibu lile lile?

Jeni nalo lilikimbia. Mshukiwa mkubwa alikuwa jeni la mlango wa sodiamu na haidrojeni, maana tabia zinafanana. Mwaka 1991 walifuatilia kwenye familia zenye presha wakaliondoa kwenye orodha ya washukiwa.

NyarNam_Nairobi

Jambo wadau. Mimi ni Mjaluo wa Nairobi, nasoma afya ya jamii. Fundi, kuna kitu hujasema na ni kikubwa kwetu. Hao wote ni Waitaliano na wazungu wa Boston. Watu weusi je?

Fundi_Hadubini

Nilikuwa nakiogopa maana ni kirefu, ila umeuliza.

Walipopima watu weusi Marekani walikuta kasi ya mlango wa lithiamu kwa wastani iko *chini* kuliko ya weupe. Chini! Ilhali presha kwa weusi wa kule ni nyingi zaidi na inaanza mapema. Wakati huo huo sodiamu iliyomo ndani ya chembe zao ilikuwa juu zaidi, na njia nyingine, ile inayobeba sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja, ilikuwa dhaifu. Maana yake njia ya kufika kwenye presha si moja. Namba ya Gubbio huwezi kuibeba ukaja nayo Mbeya ukamwambia dereva moyo wake uko hatarini. Hata kama ungekuwa na mashine halisi, achilia mbali chuma cha stendi.

Kwa hiyo ile karatasi ingekuwa ya kweli bado ingekuwa ya uongo. Samahani kwa Kiswahili hicho.

NyarNam_Nairobi

Asante. Basi niongeze ya nyumbani, maana hii mambo ya chembe inakuwa tamu ikikutana na chumvi.

Miaka ya 80 Neil Poulter na wenzake walifuata Wajaluo vijana waliotoka vijijini Kenya magharibi kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ilichapishwa 1990. Presha ya waliohamia ilikuwa juu mapema sana, ndani ya miezi ya kwanza. Si kwamba walizeeka, si kwamba walinenepa miaka kumi. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imepanda na potasiamu imeshuka. Kijijini walikuwa na mtama, mboga za kienyeji, viazi vitamu. Mjini ni mkate, unga mweupe na vya kununua.

Kabla ya hapo kuna Shaper, aliyeandika 1969 kuhusu vijana wa Kisamburu walioingia jeshini. Nyumbani kwao ni maziwa, chumvi karibu hakuna. Jeshini walipewa mgao wa chakula wenye chumvi ya kutosha, na presha zao zikapanda kadiri miaka ya utumishi ilivyoongezeka.

Na ule utafiti mkubwa wa chumvi wa 1988, vituo 52, nchi 32, zaidi ya watu 10,000: kituo cha Kenya kilikuwa mojawapo ya vinne vyenye chumvi kidogo kabisa duniani, pamoja na Wayanomamo wa Brazil. Kwa vituo hivyo vinne presha haikupanda na umri kama tunavyozoea. Sisi tunasema "ni uzee tu". Si uzee.

Bi_Mkasi

Wanangu mimi mtu wa Pangani, nasoma tu maneno yenu. Mnatuambia tuache ng'onda?

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo Bi Mkasi. Ng'onda usiache, lakini umroweke na umwage maji, na mchuzi wake usitie chumvi nyingine. Papa wa chumvi vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ndani kuna ya mkate, ya vile viungo vya mchuzi vya pakiti, ya chipsi, na ya embe la pilipili ulilokula njiani ukijua si chakula.

Bi_Mkasi

Marahaba mwanangu. Na magadi kwenye maharage?

Nesi_wa_Zamu

Magadi ni sodiamu, bibi. Ulimi hauioni kwa sababu haina ladha ya chumvi.

Fundi_Hadubini

Hapo niingilie kidogo, nesi yuko sahihi ila tusimtishe bibi kupita kiasi. Magadi ni chumvi ya sodiamu na kaboneti, si kloridi. Waliojaribu kuwapa watu wenye presha sodiamu isiyo na kloridi waliona haipandishi presha kama chumvi ya mezani. Kloridi ina mchango wake. Lakini kwa mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu nisingependa aweke magadi kila siku. Na maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva vizuri bila hayo.

Bi_Mkasi

Nyie watoto mnataka kuni zangu ziishe.

Mbishi_wa_Buguruni

Fundi, niunganishie sasa. Chumvi ya sahani na hiyo chembe vinakutana wapi? Mimi naona mnaruka ruka.

Fundi_Hadubini

Swali la kibishi ila la haki.

Mtu anayeitwa Blaustein alitoa hoja mwaka 1977. Msuli wa ateri nao una pampu ile ile ya tatu kwa mbili. Sodiamu ikijaa ndani ya msuli, mlango mwingine unaobadilishana sodiamu na kalsiamu unakwama, kalsiamu inabaki ndani, na kalsiamu ndiyo inayofanya msuli ukaze. Msuli wa ateri ukikaza, bomba ni jembamba, presha juu. Figo nazo kila siku zinachuja lita kama 180 na kurudisha zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu. Figo zenye tabia ya kubana sodiamu, hata kwa asilimia ndogo tu, kwenye mji wa chumvi nyingi zitakuletea presha, na kwenye kijiji cha chumvi kidogo hazitakuletea kitu. Chembe nyekundu haisababishi lolote hapa. Yenyewe ni shahidi aliyekuwa jirani.

Potasiamu inakaa upande wa pili wa mizani. Ikiwepo ya kutosha kwenye chakula, figo zinaachia sodiamu zaidi, na pampu za mishipa zinachangamka. Ndizi, maharage, mchicha, viazi vitamu, parachichi, dafu. Mboga ukiichemsha na kumwaga maji, potasiamu umemwaga na maji.

China walifanya jaribio kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000, matokeo yakatoka 2021. Nusu ya vijiji vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Kiharusi kikapungua kwa asilimia 14, vifo kwa asilimia 12. Chumvi tu. Hakuna aliyepimwa ioni kwenye chembe.

Tahadhari: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiguse chumvi hiyo bila kumuuliza daktari wake. Ile 7.2 niliyosimulia kwake inaweza kuwa ya kweli.

Dereva_wa_Nyanda

Kwa hiyo mimi nifanye nini kesho asubuhi? Nipeni kitu kimoja.

Nesi_wa_Zamu

Kapimwe presha, ila kapimwe vizuri. Usipande ngazi mbio ukanyoosha mkono. Kojoa kwanza. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini, usiikunje, mkono uegemee meza usawa wa moyo, na usiongee na mtu, hata simu. Mkanda wa mashine uwe saizi ya mkono wako, mkono mnene kwenye mkanda mdogo unatoa presha ya uongo. Mara mbili, uandike zote. Halafu siku nyingine tena. Mtu hapewi ugonjwa kwa kipimo kimoja. Na sukari na mafuta ya damu wakuangalie, umri wako unaruhusu.

Mama_Tatu

Na mwulize mama yako kama kwenu kuna presha. Wanaume hamjui ndugu zenu walikufa na nini.

Dereva_wa_Nyanda

Mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita.

Nimeuliza. Babu mzaa baba alianguka shambani upande mmoja ukafa, walisema kapigwa na kitu. Shangazi yuko kwenye dawa za presha tangu 2019, sikuwa najua.

Kituo cha afya siku ya kwanza nilifika natoka kushusha mzigo: 152/94. Moyo ukaruka, nikaikumbuka ile karatasi. Nesi akaniambia kaa hapo, usiongee. Baada ya kukaa ikawa 138/86. Nimenunua mashine ya mkono, napima asubuhi kabla ya chai na jioni nikiegesha. Wastani wa siku saba ni 134/84. Sukari nzuri. Trigliseridi ziko juu kidogo, daktari akaangalia kitambi changu wala hakusema kitu, akaandika tu nirudi baada ya miezi mitatu nikiwa nimepungua kilo tano.

Chipsi za njiani nimeziwekea siku, Jumamosi tu. Mama mmoja wa Igawa ananiwekea viazi vitamu na maharage asubuhi, hana magadi, nimemuuliza.

Mbishi_wa_Buguruni

Na ile karatasi?

Dereva_wa_Nyanda

Meza ya nyumbani ilikuwa inacheza mguu mmoja. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini. Imetulia.